Nyanya Chungu za Milembe

Ukitaka habari za bustani ya bondeni hapa Bariadi, umefika kwa mtu mwenyewe. Wanawake wa kikundi wanajua kumwagilia, sikatai, lakini kusimulia ni kazi yangu. Jina langu ni Athanasi. Mji mzima unaniita Mjomba, hata watu walionizidi umri, na mimi sijawahi kuwakataza kwa sababu nadhani wana haki. Shule niliiachia darasa la sita katikati. Haikunishinda. Niliona inanichelewesha.

Leo nasimulia habari za shemeji yangu Shigela, aliyemuoa dada yangu Milembe. Nasema mapema kwamba katika habari hii kuna kiberiti, na kiberiti hicho kilikuwa changu. Tutafika hapo. Msinikimbize.

Shigela ni mtu mrefu, viganja vyake vipana kama beleshi, na maneno yake machache kuliko ya ng'ombe. Ukimwambia nyumba ya jirani imeungua atasema, "Ehee." Ukimwambia mkewe amejifungua mapacha, "Ehee" ileile. Alizaliwa Nkoma, kijiji kimoja na sisi, kwenye pamba, na pamba anaijua hasa. Anaweza kupita katikati ya mistari amefumba macho asivunje tawi. Lakini mboga? Mboga kwake ilikuwa kitu kinachotokea kwenye sahani. Kwetu Usukumani mwanaume ana ng'ombe, ana pamba, ana mahindi. Majani ni ya akina mama na mbuzi.

Siku Milembe anaolewa, mama yetu alimfungia mbegu kwenye pindo la kitenge. Mbegu za nyanya chungu. Msifikirie hizi za sokoni, kubwa kama ngumi, zenye uchungu wa dawa ya malaria. Zile za mama zilikuwa ndogo, nyeupe kama yai la njiwa, zina mistari ya kijani karibu na kikonyo. Uchungu wake unakuja mwishoni, kidogo tu, kama mtu aliyebisha hodi halafu akaondoka. Mama alizipika na karanga. Mimi nikiwa malishoni na ng'ombe nilikuwa nainusa harufu ile, na nyie mtasema Mjomba anaongeza chumvi, lakini hata ng'ombe walikuwa wanageuza vichwa.

Mama alifariki, kaya yetu ya Nkoma ikasambaratika, kila mtu na njia yake. Ile mbegu ikabaki kwa Milembe peke yake. Je, mimi niliomba hata punje? Sikuomba. Nilikuwa nakwenda kwa dada, nakula, nalamba vidole, naondoka. Nani anaomba mbegu wakati chungu kipo jikoni?

Shigela na Milembe walipohamia Bariadi ili watoto wawe karibu na shule, Milembe alijiunga na kikundi cha bustani. Ile bustani iko bondeni, pembeni ya mto, ingawa kuuita mto ni heshima tu, maana kuanzia Julai unabaki mchanga na wanawake wanachimba visima humohumo kwenye mchanga wapate maji. Vipande ni ishirini na vinne, kila kipande matuta sita, uzio wa miiba kuzunguka, na mipapai pembeni ambayo ni ya wote, ingawa mapapai yakiiva yanakuwa ya aliyeamka mapema. Mara nyingi huwa ni mimi.

Mwenyekiti ni mama Domitila, mtu wa sauti, anatembea na fimbo ya kupimia matuta. Hajampiga mtu nayo. Mimi amenitishia mara mbili, kwa habari ya mapapai. Sheria yake moja inajulikana na wote: kipande kikikaa msimu mmoja bila kulimwa, anapewa mwingine.

Milembe aliondoka mwezi wa sita. Presha. Hapa nitapita haraka kwa sababu sipapendi.

Baada ya arobaini, Shigela alishuka bondeni asubuhi, amevaa kofia yake ya kwendea mnadani. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nakagua mapapai.

"Mwangaluka, mayu," akamsalimia Domitila.

"Mwangaluka, bhabha. Mhola?"

"Mhola duhu. Nimekuja kwa habari ya kipande cha mama Joyness."

"Pole sana, baba. Hatukukimbizi. Unataka nani aje alime? Binti yenu Joyness si yuko Kiloleli anafundisha?"

"Mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi mwenyewe."

Veronica wa kipande cha tisa akaangusha ndoo. Mwingine akajifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika. Domitila alijitahidi, kwa kweli alijitahidi, kwa sababu mwenzao alikuwa amezikwa juzi tu.

"Baba Joyness, utachuma mchicha wewe? Kwa vidole hivyo?"

"Ehee."

Akapewa.

Basi akalima mboga kama pamba. Alikuja na kamba yake yenye mafundo, ileile ya kupandia pamba, akainyoosha tutani, akapanda chainizi kwa vipimo vya pamba, kila mche na uwanja wake kama nyumba ya serikali. Wanawake wakawa wanapita makusudi.

"Baba Joyness, hiyo chainizi unataka icheze mpira?"

"Mwacheni, anaiachia njia ya trekta!"

Shigela haachi kazi. Anachota maji kisimani, ndoo mbili mbili, anamwagilia kwa kopo lililotobolewa matundu, tuta la kwanza hadi la sita, halafu anarudia. Chainizi yake ilinenepa kuliko ya wote, kwa sababu ilikuwa na nafasi. Hapo kicheko kikapungua kidogo.

Nikamuuliza siku moja, maana mimi ni mtu wa kuuliza. "Shemeji, hebu sema kweli. Unatafuta nini huku kwa wanawake?"

Akanyoosha mgongo. Nilidhani atasema Ehee.

"Zile nyeupe," akasema. "Nataka nizile tena. Nilikuwa nazila kila mwaka. Miaka ishirini na saba."

"Ziko wapi?"

"Sijaziona bado. Lakini kipande ni chake. Zitakuwemo humu."

Haya sasa. Nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo ujuzi wangu unapoingia.

Kwenye tuta la mwisho kulikuwa na vichaka vitatu vya zamani, vimefika kifuani, majani machache, yamechoka. Vilikuwa na matunda kiasi, mekundu, yamekunjamana, mengine yanaelekea kuoza. Na kila kichaka Milembe alikuwa amekifunga kitambaa chekundu.

Shigela aliniuliza, "Hii ni nini, shemeji?"

Mtu mwingine angesema sijui. Mimi sikulelewa hivyo. "Hiyo imeisha," nikasema. "Imeshikwa na ugonjwa. Unaona rangi? Na kitambaa ni cha kutishia ndege."

"Ehee."

Ilikuwa Septemba. Sasa, mkulima yeyote wa pamba katika mkoa wetu wa Simiyu anajua Septemba ni nini. Pamba ikishavunwa, masalia yote yanang'olewa, yanarundikwa, yanachomwa, ili wadudu wasipate pa kulala mpaka msimu mwingine. Ni sheria. Usipochoma, Bwana Shamba anakuja, mtendaji anakuja, unaaibishwa kwenye mkutano. Sisi tumekua na moshi huo. Ukifika Septemba mwili wenyewe unatafuta kiberiti. Tena mimi nilihudhuria semina ya pamba, siku mbili, hapahapa mjini, nikala wali wa semina, nikapewa kalamu. Kalamu ninayo mpaka leo, haiandiki, lakini ninayo.

"Shemeji," nikamwambia, "shamba safi ni shamba lililochomwa. Ng'oa bamia zilizozeeka, ng'oa mabua ya mchicha, ng'oa na hivi vichaka vya ugonjwa. Tuanze upya kama watu waliosoma."

Tukang'oa, wanaume wawili, jua la saa nne. Tukarundika katikati. Vichaka vitatu vikaenda juu ya rundo na vitambaa vyake. Shigela akajipapasa mifukoni, hana. Nikatoa changu.

Vilikuwa vikavu. Viliwaka vizuri sana.

Domitila alikuja kwa kufuata moshi, fimbo mkononi. "Mnachoma nini?"

"Masalia, mama," nikajibu kwa sauti ya semina. "Kanuni za kilimo bora."

Aliinama, akavuta kwa fimbo kipande cha kitambaa chekundu kilichoungua nusu. Akakiangalia. Akamwangalia Shigela.

"Baba Joyness, unajua hiki kina maana gani?"

"Kutisha ndege," nikasema mimi.

"Wewe nyamaza. Hiki maana yake, mche huu usiguswe, una mbegu. Kila mwanamke humu bondeni anakijua. Hizi ndizo nyanya chungu zake, za kwao."

"Zake ni nyeupe," Shigela akasema.

"Zikiwa changa za kula ni nyeupe. Zikikomaa zinakuwa nyekundu, baba. Wewe ulidhani mbegu inatoka wapi?"

Nawaambia, Shigela hata Ehee hakusema. Alichukua kijiti, akachuchumaa, akawa anageuza majivu polepole, upande huu, upande ule, mpaka yakapoa. Wanawake walikuja wakasimama, hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipojua jambo ni kubwa, maana wale kwa kucheka hawajambo. Mimi nilisema nina safari ya mjini nikaondoka. Safari yenyewe haikuwepo.

Kuanzia siku hiyo Shigela akawa mtu wa kutafuta. Alianza bondeni, kipande kwa kipande. Wanawake wakamwambia ukweli: Milembe mbegu nyingine zote aligawa, matembele, mgagani, bamia, lakini zile nyeupe alikuwa mchoyo nazo. Alisema hampi mtu mpaka auone mkono wake shambani. Alimpa mmoja tu, Mektilda wa kipande jirani, na Mektilda alikuwa amehama kwenda kumuuguza mama yake, hawakujua vizuri ni wapi, Maswa huko.

Akahamia sokoni. Kila wiki anazunguka, akiona nyanya chungu yoyote yenye rangi ya kukaribia weupe ananunua, anamletea mke wangu Scola azipike na karanga. Scola ni mpishi, nisije nikakosa chakula leo kwa kusema vingine. Shigela anakula zote, anapangusa sahani, ananawa.

"Siyo," anasema.

"Shemeji, labda karanga zilikuwa chache?" Scola anauliza.

"Karanga ni nzuri. Siyo zile."

Wiki ya nne Scola akanitolea mimi hasira. "Shemeji yako huyu anakuja kwangu kutafuta mapishi ya marehemu. Mimi nitashindana na marehemu?"

Na mimi nilikuwa naonja pembeni, na mimi nilikuwa nasema siyo, ila kimoyomoyo. Mnajua jambo la ajabu? Dada alipokuwa hai sikumbuki kama niliwahi kuifikiria ladha ile. Sasa naamka asubuhi mdomo unaitafuta.

Desemba, Joyness akaja likizo. Ni binti mchapakazi, amechukua kwetu. Akaleta udongo mweupe, akasema Krismasi haiwezi kukuta jiko la mama yake katika hali ile, atalipiga upya ndani na nje. Lile jiko ni la tofali mbichi na bati, liko nyuma ya nyumba, kuta nyeusi kwa moshi. Alikuwa amekwisha kuloweka udongo baba yake alipoingia.

"Nje piga. Ndani usiguse."

"Baba, ndani ndiko kuchafu!"

"Usiguse."

Joyness akaniita mimi, mjomba wake, nimtie baba yake akili. Nikaingia. Shigela alikuwa amesimama anatazama ukuta, juu ya mafiga, pale moshi unapopita kwenda kwenye bati. Pale palikuwa na alama za vidole, vitano, vimeburutwa kutoka juu kwenda chini, rangi ya kijivu kwenye ule weusi. Vinene, vimekauka, kama mtu aliyejipaka uji mzito akaupangusia ukutani.

"Majivu tu hayo, mjomba," Joyness akasema. "Mama alijipangusa mkono."

"Ndiyo," Shigela akasema. "Mkono wake."

Akanyanyua mkono wake yeye, ule wa beleshi, akaupeleka pale. Hakugusa. Aliuacha hewani, kidole kwa kidole, mbele ya vile vya Milembe.

Mimi nikatania, ndiyo ugonjwa wangu. "Shemeji, unasalimiana na ukuta?"

"Ehee," akasema, mkono ukiwa palepale.

Nikatoka nje kuangalia pikipiki yangu kama ina tatizo. Haikuwa na tatizo.

Joyness alipiga nje tu. Ndani kukabaki kama kulivyokuwa.

Januari mvua zimetulia kidogo, Veronica akapata habari mnadani: Mektilda yuko Shishiyu. Hata salamu sikumaliza kupokea, nikaenda kumchukua Shigela. Nilimwambia pikipiki yangu haijawahi kuniangusha njiani, na ni kweli, haikutuangusha, ilisimama tu. Ilisimama mara tatu. Mara ya tatu tuliisukuma kwenye matope mpaka viatu vya Shigela vikabadilika rangi, naye hakulalamika. Alikuwa amebeba kopo tupu la chai lenye mfuniko, la kuwekea mbegu. Njia nzima alilikumbatia kama mtoto mchanga.

Mektilda tulimkuta uani anachambua mchele. Alipomwona Shigela alisimama, akamshika mikono yote miwili, wakapeana pole ya mtu waliyempenda wote wawili.

"Mwadila, shemeji," akamsalimia. "Umekonda."

"Nimekuja kuomba mbegu," Shigela akasema. "Zile nyeupe."

Mektilda akaangalia chini. "Shemeji yangu. Niliziotesha hapa mara mbili. Mara ya kwanza jua likaunguza. Mara ya pili mbuzi wa jirani, asubuhi moja tu, halikubaki hata shina. Sina."

Shigela akavua kofia. Akalitazama kopo, akaliweka chini taratibu.

"Basi," akasema.

"Kwani za Milembe mwenyewe ziko wapi?" Mektilda akauliza. "Yeye hakosi."

Nikaona macho ya Shigela hayanielekei, anajitahidi yasinielekee, na hilo likaniuma kuliko kama angenitazama.

"Tulizichoma," nikasema. "Mimi nilizichoma. Mwezi wa tisa. Kama pamba."

Mektilda aliniangalia, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza. "Kama pamba! Wanaume nyie! Haya, mmechoma za shambani. Na za jikoni mmezifanyaje?"

"Za jikoni zipi?"

"Za ukutani!" Akaacha kucheka alipoona hatuelewi. Akaokota majivu mafigani, akatema mate kidogo kiganjani, akatuonyesha. "Unachukua ile nyekundu, iliyoiva hasa. Unaikamulia kwenye majivu, unachanganya iwe nzito. Halafu unaipaka ukutani, juu, panapopita moshi. Hivi." Akaburuta vidole hewani kutoka juu kwenda chini. "Inakauka na mbegu zake. Moshi unafukuza wadudu. Inakaa hata miaka mitatu. Milembe alifundishwa na mama yenu. Wewe Mjomba, jikoni kwa mama yako mwenyewe hukuwahi kuona?"

Sikuwahi. Jikoni kwa mama nilikuwa naingia kutazama kilichomo ndani ya chungu. Ukuta sikuutazama.

Shigela alikwisha kuvaa kofia. "Twende," akasema.

Ningependa kusema tulifika akabandua mbegu siku ileile. Hapana. Alikaa siku ya kwanza. Akakaa ya pili. Nikienda namkuta jikoni, kwenye kigoda, anatazama juu. Nikasema, shemeji, mbegu hizo pale. "Ehee." Siku ya tatu Domitila alikuja mwenyewe mpaka mlangoni na fimbo yake.

"Baba Joyness, wenzako wote wameshatia mbegu kitaluni. Ukipitisha wiki hii, mvua itazikuta changa, zitaoza."

"Nikizibandua," Shigela akasema, na hii ndiyo sentensi ndefu niliyowahi kuisikia kwake, "hapa patabaki nini? Picha yake ninayo moja, ya kitambulisho, na hata haifanani. Nguo ziligawiwa kwa ndugu. Hapa ndipo alipoweka mkono."

Domitila akaiegemeza fimbo ukutani. Akasema kwa sauti ndogo, "Aliuweka mkono hapo ili mle."

Akaondoka.

Siku ya nne Shigela aliniita. Alisimama juu ya kigoda na kisu butu, akanipa mimi ungo niushike chini ya ukuta. Alianza na kidole kidogo. Majivu yalibanduka kama gome, yakaanguka kwenye ungo, na ndani yake mkiangalia vizuri mnaona punje ndogo bapa, rangi ya njano iliyofifia. Kidole cha pili. Cha tatu. Nikasema ungo ni mzito. Cha nne. Alipofika kwenye dole gumba akasimama.

"Hiki kibaki."

"Shemeji, humo kuna punje si chini ya ishirini."

"Kibaki."

Kikabaki. Kipo mpaka leo.

Kitaluni alizitia yeye mwenyewe, akafunika na nyasi, akamwagilia asubuhi na jioni kwa kopo. Siku kumi hakuna kitu. Siku ya kumi na mbili hakuna kitu, wanawake wakawa wanapita mbali na kipande chake kama kuna mgonjwa. Siku ya kumi na nne nilimkuta amelala kifudifudi chini, mtu mzima, ndevu kwenye udongo, anachungulia chini ya nyasi.

"Moja," akasema.

Zikawa nane. Moja ikaliwa na panzi, zikabaki saba. Alipozihamishia tutani aliuliza vipimo, na Domitila akampimia kwa fimbo yake, na safari hii hakuna kamba ya pamba iliyoonekana bondeni. Mwezi wa tano zikazaa. Nyeupe, kama yai la njiwa, mistari ya kijani karibu na kikonyo. Siku ya kwanza kuziona nilimwita Scola aandae karanga.

Nikamkuta Shigela anachana fulana yake nyekundu, ile anayoipenda, vipande saba. Anafunga kila mche kitambaa.

"Shemeji! Yote saba?"

"Yote."

"Hata moja ya kuonja?"

"Mwaka huu hatuli. Zote mbegu. Ukuta wa kwangu, ukuta wa Joyness, wa Domitila, wa Mektilda, wa kila kipande humu ndani. Mwaka kesho ndiyo tunakula."

"Mimi ndiye niliyekupeleka Shishiyu kwa pikipiki yangu!"

"Niliisukuma," akasema, akafunga fundo.

Sasa nisikilizeni, na hili libaki kati yetu. Mimi siyo mwizi. Mapapai ni ya wote, hilo tumeshalizungumza. Lakini wiki ile nilipita bondeni saa saba mchana, wanawake wamekwenda kula, hakuna mtu, jua linapiga, na mche wa tatu umenielekea. Mkono ulijiendea wenyewe. Moja tu. Nikaitia mfukoni, nikapanda mlima kwenda nyumbani nimeushika mfuko kama una kifaranga.

Scola aliniangalia, hakuuliza. Akaipika hiyo moja, na karanga kidogo, kwenye sufuria ndogo. Ilitoka tonge moja na nusu. Nikatia tonge mdomoni. Karanga zikapita. Utamu ukapita. Nikangoja. Halafu mwishoni, kidogo, ukaja.

Nikaweka ile nusu iliyobaki chini. Nikatoka nje.

"Chumvi imezidi?" Scola akaita kutoka ndani.

"Imezidi," nikasema, kwa sababu nilihitaji kusema kitu.

Kesho yake nilishuka bondeni mapema, napiga mluzi, mtu asiye na kosa. Shigela alikuwa anamwagilia.

"Shemeji," akasema bila kugeuka.

"Naam."

"Mche wa tatu ulikuwa na kumi na moja. Leo ni kumi."

Nilikuwa nimejiandaa na wa kusingizia. Nilikuwa na ndege, nilikuwa na panya, na kama mambo yangekuwa magumu nilikuwa na Veronica wa kipande cha tisa. Shigela akaweka ndoo chini. Akageuka. Wala hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesubiri barua.

"Ilikuwaje?" akauliza.

Mimi, Mjomba, ndege na panya wote nikawaacha.

"Uchungu unakuja mwishoni," nikasema.

"Kidogo?"

"Kidogo tu."

"Halafu unaondoka?"

"Unaondoka."

Alikaa anautazama ule mche wa tatu.

"Ehee," akasema.

Akachukua ndoo, akashuka kisimani kwenye mchanga, akainama huko kwa muda mrefu kuliko muda wa kujaza ndoo. Nikaliokota kopo lake, nikamalizia tuta.